UZI: Helsingør, mji wa Denmark uliolishwa na meli zilizolazimishwa kusimama

#1 Wakala wa Kurasini (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Kaskazini mashariki mwa kisiwa cha Sjælland, Denmark, kuna mji mdogo wa bandari unaoitwa Helsingør. Waingereza huuita Elsinore. Watu wengi wakiutaja huanzia kwenye ngome yake, Kronborg, kwa sababu ndiko Shakespeare alikomweka Hamlet, mwanamfalme wa tamthilia yake. Mimi naomba niingilie mlango mwingine: forodha. Nafanya kazi ya uwakala wa forodha hapa Dar, na sijui mji mwingine ambao karibu kila kitu chake, kuanzia mawe ya ngome hadi duka la kumuuzia baharia kinywaji, kilitokana na jambo moja: meli isimame, nahodha ashuke, alipe, ndipo aendelee na safari.

Tuanze na ramani. Meli inayotoka Bahari ya Baltiki kwenda Bahari ya Kaskazini ina njia tatu tu za kupenya katikati ya visiwa vya Denmark. Iliyo fupi na iliyopendwa zaidi ni Øresund, na pale Helsingør ndipo palipo pembamba kuliko pote: kama kilomita 4 hivi hadi Helsingborg upande wa pili. Hewa ikiwa safi unaziona nyumba za ng'ambo kwa macho. Leo ng'ambo ile ni Sweden, lakini hadi 1658 nayo ilikuwa mali ya mfalme wa Denmark. Maana yake alikuwa na ngome kushoto na ngome kulia, na meli zote zinapita katikati.

Sasa fikirieni kilichokuwa kinapita. Nafaka za bandari za Danzig na Königsberg (leo Gdańsk na Kaliningrad) zilizolisha Amsterdam. Mbao na milingoti. Katani ya kusokotea kamba, lami ya kuzibia mbao za meli, chuma cha Sweden. Meli za Mholanzi na manowari za Mwingereza zilitegemea sana vitu hivyo. Kuelekea ndani ya Baltiki ikapita chumvi ya Ufaransa na Ureno, samaki aina ya heringi, mvinyo, nguo, na karne za baadaye sukari na kahawa.

Mwaka 1426 Mfalme Erik wa Pomerania aliipa Helsingør hadhi ya mji wa biashara, na miaka hiyohiyo akajenga ngome iliyoitwa Krogen kwenye ncha ya nchi kavu. 1429 akaanza kutoza: kila meli inayopita ilipe sarafu moja ya dhahabu ya Kiingereza. Hakuuliza umebeba nini wala meli yako ina ukubwa gani. Tozo hiyo ilidumu hadi 1857. Hesabuni wenyewe: miaka 428.

Nakuja na sehemu ya pili, ambayo kwangu ndiyo tamu kuliko zote.

#2 Bint Mikindani

Nimekaa mkao wa kusoma. Kaka, usituache njiani.

#3 Mtu wa Mizani

Mkuu, kwa maelezo yako huu ulikuwa unyang'anyi mtupu. Bahari hakuichimba yeye, unamtozaje mtu aliyepita zake tu? Halafu hela zilikwenda wapi, kwenye hazina ya nchi au mfukoni kwa mfalme?

#4 Wakala wa Kurasini (mleta uzi)

Mtu wa Mizani, maswali yote mawili ni ya msingi. Naanza na la pili kwa kuwa jibu ni fupi: mfukoni kwa mfalme. Mapato ya Øresund yaliingia kwenye kasha lake binafsi, na baraza la makabaila halikuwa na sauti juu yake. Hali hiyo ilikwenda hadi 1771 ndipo fedha zikahamishiwa hazina ya serikali. Ndiyo maana wafalme wa Denmark wa karne ya 16 na 17 walikuwa na ubavu wa kujenga na kupigana vita bila kupiga magoti kwa mtu. Mfalme Frederik II aliibomoa sehemu kubwa ya Krogen na kati ya 1574 na 1585 akasimamisha Kronborg mpya, kasri lenye mapambo na mizinga pamoja. Waliolipia ni manahodha waliopita mbele yake.

Kuhusu unyang'anyi, mwanzoni sina la kumtetea Erik. Ila tazama alichofanya Frederik II mwaka 1560: aliagiza taa za kuongozea meli ziwekwe Skagen, Anholt na Kullen, ambako meli zilikuwa zikipasuka kwenye mchanga na miamba usiku. Kwa hiyo mlipaji alianza kupata huduma. Najua mfalme hakufanya hivyo kwa huruma, maana meli iliyozama haina cha kulipa. Lakini baharia wa mwaka ule aliiona taa.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nianzishe uzi huu.

Tozo ya sarafu moja kwa kila meli ina kasoro ambayo wakala yeyote ataiona: mwenye jahazi dogo na mwenye jimeli kubwa wanalipa sawa. Kwa hiyo polepole wakaanza kupanga meli kwa ukubwa, kisha wakaongeza tozo ya thamani ya mzigo, asilimia moja au mbili kutegemea aina ya bidhaa. Hapo ndipo forodha zote duniani zinapokutana na tatizo moja. Mwenye mzigo anaijua bei halisi. Wewe huijui. Naye ana kila sababu ya kuishusha kwenye ankara.

Wenzetu wa Helsingør walilimaliza hivi. Nahodha alitaja thamani mwenyewe. Hakuna kupekua, hakuna kufungua mapipa, hakuna kubishana. Ila mfalme alikuwa na haki ya kuununua mzigo wote kwa bei ileile aliyoitaja nahodha.

Pigeni hesabu. Tuseme una mvinyo wa thamani ya daler (sarafu ya enzi hizo) 1,000 na tozo ni asilimia 2. Ukisema kweli unalipa 20. Ukidanganya ukasema 600 unalipa 12, umeokoa 8. Lakini afisa akitabasamu akasema "sawa, tunaununua kwa 600", umepoteza 400 palepale, na huko unakokwenda mteja wako anasubiri mvinyo. Nani atacheza kamari ya kuokoa 8 kwa kuhatarisha 400? Na ukiongeza bei ili mfalme asinunue, umejiongezea ushuru mwenyewe. Njia pekee isiyo na maumivu ni kusema ukweli.

Nimewahi kukaa kwenye mijadala mirefu ya uthamini wa mizigo, watu wana majedwali ya bei, kanzidata, skana. Yule karani wa karne ya 16 hakuwa na kompyuta, alikuwa na kanuni ya mstari mmoja. Kila nikiifikiria nampigia saluti.

#5 Mtu wa Mizani

Hapo kwenye kununua mzigo umenishika. Bado nasema ni kizuizi cha ushuru wa mazao barabarani, ila kizuizi chenye akili. Swali: kwani hawakuweza kukwepa? Usiku, au wapitie zile njia nyingine mbili?

#6 Wakala wa Kurasini (mleta uzi)

Njia nyingine mbili nazo zilikuwa na watozaji: Mlango Mkuu ulilindwa Nyborg na Mlango Mdogo ulilindwa Fredericia. Kupita Øresund kimyakimya ilikuwa hatari, kwa sababu meli ilitakiwa kushusha matanga ya juu ikifika mbele ya Kronborg kama heshima na ishara ya kusimama. Asiyeshusha alipigiwa mzinga wa onyo.

Ukwepaji wenye ujanja zaidi ulifanyika kwenye ubao wa mchoraji meli. Mwaka 1567 Peder Oxe, waziri wa fedha wa Denmark, alianza kutoza kwa kipimo cha uwezo wa meli kubeba mzigo, na mapato yakapanda karibu mara tatu. Ukubwa ukawa jambo la kukadiriwa, na makadirio yalitegemea sana upana wa sitaha. Miaka ya 1590 pale Hoorn, Uholanzi, ikazaliwa meli aina ya fluyt: tumbo nene chini, kuta zinajikunja kwenda juu, sitaha nyembamba. Wengi wanaihusisha sura hiyo na tozo ya Øresund, ingawa fluyt ilikuwa na sifa nyingine nyingi: mabaharia wachache, mzigo mwingi, gharama ndogo za kuunda. Mwaka 1669 kanuni za kupimia zilibadilishwa, na sitaha za fluyt zikaanza kupanuka.

#7 Nahodha Mstaafu

Wanangu, mimi nimesafiri baharini miaka mingi na ninaongezea jambo moja ambalo mtu wa ofisini anaweza asilitilie uzito. Meli ya tanga haisimami na kuondoka kama daladala. Ukishatia nanga pale kulipa, upepo unaweza kugeuka. Ukitaka kutoka Baltiki kwenda magharibi na upepo wa magharibi umeshika, hutoki. Utakaa siku kadhaa, pengine wiki. Na wenzio wanazidi kuja nyuma yako. Mabaharia wanakula, maji yanaisha, kamba zinachakaa, kuna mgonjwa. Mleta uzi, hebu tuambie watu wa mji walifaidikaje na hapo.

#8 Wakala wa Kurasini (mleta uzi)

Shikamoo Mzee Nahodha. Umegusa kiini kabisa.

Mfalme alikula tozo. Mji haukula tozo hata senti. Mji ulikula kusimama. Kuna siku mamia ya meli zilikuwa zimetia nanga pamoja nje ya Helsingør zikisubiri upepo, kila moja ina matumbo ya kulisha. Mji ukawauzia nyama ya chumvi, mkate, bia, maji ya kunywa, matanga, nanga na kamba. Waliokuwa na mashua za kuwavusha manahodha kutoka melini hadi ufukweni walikuwa na chama chao chenye hati ya kipekee, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuifanya kazi hiyo. Wakalimani walikula. Wenye nyumba za wageni walikula.

Na sisi tulikula! Nasema sisi kwa maana ya mawakala. Nahodha aliyeshuka hakujua Kidenmaki, hakujua viwango, pengine hakuwa na sarafu zinazotakiwa. Kwa hiyo zikatokea kampuni za kumwondoshea meli: zinamlipia tozo kwa mkopo, zinapeleka hati zake forodhani, zinamletea risiti, na papohapo zinamuuzia mahitaji yote ya safari. Karne ya 18 biashara hiyo ndiyo iliyokuwa roho ya mji, na ilikuwa mikononi mwa familia za kila taifa: Waingereza, Waskoti, Waholanzi, Wajerumani. Waskoti walikuwa wamezoeleka tangu zamani kiasi kwamba karne ya 16 Mskoti mmoja, Alexander Lyle, ambaye Wadenmaki walimwita Sander Leiel, alikuwa meya wa Helsingør.

Nyumba moja ya mawakala hao bado ipo, Skibsklarerergaarden, mtaa wa Strandgade. Imehifadhiwa kama makumbusho. Chini kuna duka lenye kaunta na droo zake la tangu miaka ya 1780, na juu ni makazi ya familia ya wakala. Ukiangalia mpangilio unaelewa biashara nzima ilivyokwenda: nahodha anaingia mlango mmoja, hati zake zinashughulikiwa, na anaposubiri yuko hatua mbili kutoka kwenye mapipa ya vinywaji na magunia ya kahawa. Huyu wakala hakumwacha mteja aende kwa jirani hata kwa dakika tano. Kazi ni ileile wanayoifanya wenzangu pale Kurasini leo, isipokuwa hatuuzi kamba.

#9 Bint Mikindani

Nimependa hapo "mji ulikula kusimama". Lakini kila meli inayosimama inaleta na vingine. Magonjwa je?

#10 Wakala wa Kurasini (mleta uzi)

Dada, yalikuja, na vibaya. Tauni iliyokuwa ikizunguka Baltiki wakati wa vita kuu ya Sweden na majirani zake ilifika Helsingør mwishoni mwa 1710. Ilianzia Lappen, kijiji cha wavuvi ubavuni mwa mji, kisha ikaingia mjini. Copenhagen, kilomita 45 hivi kusini, ilipata kipigo chake 1711. Meli ilikuwa inaleta riziki na kifo kwa mashua ileile, na mji haukuwa na namna ya kuzikataa meli.

#11 Ustaadh wa Historia

Naomba kuchangia kwenye siasa, maana mleta uzi ameipita haraka. Tozo hii imesababisha vita, na bila kueleza hilo mtu hataelewa kwa nini ilidumu hivyo.

Christian IV, mtoto wa Frederik II, alipigwa vibaya katika Vita vya Miaka Thelathini na akahitaji fedha. Mwishoni mwa miaka ya 1630 akapandisha tozo kupita kiasi. Waholanzi, ambao ndio waliokuwa na meli nyingi kuliko taifa lolote kwenye mlango ule, wakachoka. Sweden ilipoivamia Denmark 1643, Waholanzi wakaegemea Sweden, na mwaka 1645 wakafanya jambo la kumdhalilisha mfalme: manowari zao chini ya Witte de With zikasindikiza msafara wa takriban meli 300 za biashara mbele ya Kronborg bila kulipa kitu. Katika amani ya mwaka huo Denmark ikapoteza ardhi, Waholanzi wakapunguziwa viwango, na meli za Sweden zikapata msamaha wa kutolipa, msamaha walioupoteza 1720 baada ya kushindwa kwao.

Kisha 1658. Sweden inachukua ng'ambo yote, Helsingborg ikiwamo. Mwaka huohuo inaiteka Kronborg yenyewe na kuishikilia hadi 1660. Hapo ungetegemea tozo ife, kwa sababu Denmark haina tena pande zote mbili. Haikufa. Iliendelea karibu miaka 200 zaidi. Kwa nini? Kwa maoni yangu ni kwa sababu Waholanzi na Waingereza waliona bora mlango ushikwe na mfalme aliyedhoofika, wa kujadiliana naye, kuliko Sweden yenye nguvu iushike pande zote mbili. Meli za Kiholanzi zilimwaga damu kwenye Øresund Oktoba 1658 kuwazuia Waswidi wasiichukue Copenhagen. Miaka 13 tu baada ya kumdhalilisha Mdenmaki, wakaja kumwokoa.

#12 Wakala wa Kurasini (mleta uzi)

Ustaadh, nakushukuru sana. Nakubaliana nawe kabisa kuhusu sababu. Mlinzi wa geti aliye dhaifu ndiye wapitaji wanayempenda.

#13 Kijana wa Migomigo

Mkuu, Hamlet je? Kuna ukweli wowote, au Shakespeare alitunga tu?

#14 Wakala wa Kurasini (mleta uzi)

Kwa kifupi: simulizi ya Hamlet ni ya kale kuliko Kronborg na haikuwa ya Helsingør. Ila habari za kasri zilimfikia kwa njia nyepesi. Mabaharia wa London walikuwa wakipita pale kila msimu. Na mwaka 1586 waigizaji wa Kiingereza walikuwa Helsingør kwenye utumishi wa Frederik II, akiwamo Will Kempe ambaye baadaye aliigiza katika kundi moja na Shakespeare. Mtu akiwa na wenzake kazini waliolala mji huo, hana haja ya kusafiri mwenyewe.

Tuje sasa mwisho wa tozo, maana naona muda unakimbia.

Karne ya 19 meli ziliongezeka mno. Miaka ya 1850 zilipita zaidi ya 20,000 kwa mwaka. Meli za mvuke zikaanza, na kwa mwenye meli ya mvuke kusimama ni hasara tupu, kwa sababu yeye hasubiri upepo. Wafanyabiashara wa nchi zote wakalalamika: tozo ni ndogo, lakini muda unaopotea na malipo ya mawakala ni makubwa. (Ndiyo, walitulalamikia sisi.) Aliyevunja ukimya ni Marekani. Serikali ya Rais Franklin Pierce mwaka 1855 ilitoa taarifa kwamba inajitoa kwenye mkataba wake na Denmark wa 1826 na haitambui haki ya mtu kutoza kwenye njia ya bahari iliyoumbwa na Mungu. Biashara ya Wamarekani Baltiki haikuwa kubwa. Waliogopewa kwa mfano ambao wangeuweka.

Denmark ikaitisha mkutano Copenhagen, na tarehe 14 Machi 1857 ukatiwa saini mkataba. Tozo ifutwe kuanzia 1 Aprili. Badala yake mataifa yanayotumia njia yailipe Denmark fidia ya mkupuo mmoja, jumla milioni 33 na zaidi za rigsdaler, kila moja kwa kiasi cha biashara yake. Uingereza na Urusi ndizo zilizobeba sehemu kubwa. Marekani ilisaini wa kwake mwezi uliofuata na kulipa kama dola 393,000. Denmark kwa upande wake ikaahidi kuendelea kutunza taa na maboya bila malipo.

Nchi ya Denmark ilitoka vizuri sana pale. Mji wa Helsingør ulipigwa na butwaa. Soma fidia hiyo mstari kwa mstari, fedha ni za serikali. Mwenye mashua, mwoka mikate, mshona matanga, wakala, hao meli zao ziliendelea kupita mbele ya macho bila kusimama. Nyumba za mawakala zikafunga moja baada ya nyingine. Hata jengo kubwa la forodha ya Øresund lilibomolewa miaka michache baadaye.

#15 Mtu wa Mizani

Hapo ndipo ninapotaka tutulie. Ina maana anayeishi kwa foleni ya mwenzake siku foleni ikiisha hana kazi. Walifanyaje?

#16 Wakala wa Kurasini (mleta uzi)

Waliteseka miaka ishirini na kitu. Reli kutoka Copenhagen ilifika 1864, lakini reli peke yake haileti ajira nyingi. Kilichouinua mji ni karakana ya kuunda meli za chuma iliyoanzishwa 1882 chini kabisa ya kuta za Kronborg. Mwaka 1892 vikaongezwa vivuko vya kubebea mabehewa ya treni kwenda Helsingborg. Karakana ikawa ndiyo mji. Wakati wa kilele iliajiri zaidi ya watu 3,000. Nayo ikafungwa 1983, ilipozidiwa na ushindani kama karakana nyingi za Ulaya.

Kwa hiyo Helsingør imepoteza tegemeo lake kuu mara mbili ndani ya miaka 126. Mara hii walichukua maghala ya karakana wakayageuza kituo cha utamaduni, kikafunguliwa 2010. Chelezo cha zege walichokuwa wakiundia meli hawakukifukia. Makumbusho ya Bahari ya Denmark yamejengwa kukizunguka, chini ya usawa wa ardhi, ili yasiizibe Kronborg ambayo tangu 2000 iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Yalifunguliwa 2013, wabunifu ni ofisi ya Bjarke Ingels. Unashuka kwa madaraja ya mteremko ndani ya chelezo kitupu, na kuta zake zilizochubuka wameziacha kama zilivyo. Naona ni uamuzi wa heshima kwa wafanyakazi wa karakana ile.

#17 Mswahili wa Malmö

Wakuu, niko upande wa Sweden, na nimevuka hapo mara nyingi. Kivuko kinachukua kama dakika 20. Tangu daraja la Øresund kati ya Malmö na Copenhagen lifunguliwe mwaka 2000 treni za mbali hazipandi tena kivuko, ila magari na watu wa miguu bado ni wengi sana. Vivuko viwili, Aurora na Tycho Brahe, vimebadilishwa vinatumia betri. Kikifunga gatini, mkono wa roboti unatoka wenyewe kwenye mnara, unatafuta soketi ya kivuko, unachaji kwa dakika chache, kisha unajirudisha. Ukikaa upande wa kaskazini unaiona Kronborg yote, paa zake za shaba zimegeuka kijani.

Na kuna habari ya mlango huu ambayo hamjaigusa. Oktoba 1943, Wajerumani wakiwa wameikalia Denmark, ulitolewa mpango wa kuwakamata Wayahudi wote. Habari zikavuja. Zaidi ya watu 7,000 wakavushwa kwa mashua kwenda Sweden kutoka fukwe mbalimbali, na Helsingør ikiwa mahali pembamba zaidi ilikuwa moja ya njia. Kikundi cha wenyeji kilichojiita Kikundi cha Kushona cha Helsingør kilifanya kazi hiyo usiku. Mmoja wao, Erling Kiær, alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Alivusha watu hadi Wajerumani walipomkamata 1944 na kumpeleka kambini Ujerumani. Alinusurika.

#18 Bint Mikindani

Mlango uleule ambao mfalme aliwatoza watu kupita, fundi wa vitabu akawapitisha bure. Asante Mswahili wa Malmö, hii sikuijua.

#19 Ustaadh wa Historia

Ningependa mleta uzi aseme neno kuhusu sheria za leo, kwa sababu vijana wanasikia habari za Hormuz na Bahari ya Shamu kila siku.

#20 Wakala wa Kurasini (mleta uzi)

Kwa ninavyoelewa: mfereji uliochimbwa na binadamu, kama Suez au Panama, mwenye nchi anatoza, kwa sababu amechimba na anautunza. Mlango bahari wa asili unaotumika kwa safari za kimataifa hautozwi kwa kupita tu. Mkataba wa 1857 ulikuwa hatua kubwa kuelekea msimamo huo, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 umeacha nafasi kwa milango yenye mikataba yake ya zamani, ambayo ya Denmark kwa kawaida huhesabiwa humo. Kwa hiyo hati iliyosainiwa Copenhagen enzi za meli za tanga bado ina uzito meli ya mafuta inapopita Helsingør leo.

#21 Nahodha Mstaafu

Nimefurahi. Je, majina ya manahodha wale yapo mahali, au yamepotea?

#22 Wakala wa Kurasini (mleta uzi)

Mzee, yapo! Hilo nilikuwa nimeliweka la mwisho makusudi.

Makarani wa Helsingør waliandika kila malipo. Madaftari yanaanzia 1497, na kuanzia 1574 yanakwenda karibu mfululizo hadi 1857. Ni majalada kama 700, yametunzwa kwenye nyaraka za taifa Copenhagen, na yameingizwa kwenye kumbukumbu ya dunia ya UNESCO mwaka 2007. Ndani yake kuna safari takriban milioni 1.8. Chuo Kikuu cha Groningen na kituo cha Tresoar, Uholanzi, wameyaingiza kwenye kompyuta na mtu yeyote anatafuta bure mtandaoni.

Kila ingizo lina tarehe, jina la nahodha, mji wake, alikotoka, mzigo na alicholipa. Kuanzia miaka ya 1660 wanaandika na anakokwenda. Ukiandika Danzig unaletewa nafaka kwa maelfu ya mistari. Ukitafuta bandari za chumvi za Ureno unawaona Waholanzi walewale wakirudi mwaka hadi mwaka, mpaka unaanza kuwazoea kwa majina, na kuna mwaka mmoja jina linakoma. Tahajia inasumbua, maana karani wa Kidenmaki aliandika jina la Mfaransa kama alivyolisikia, kwa hiyo jaribuni namna tatu nne kabla ya kukata tamaa.

Mimi natafuta mizigo ya sukari na kahawa ya karne ya 18, nione ilikuwa inaingia Baltiki kutoka bandari zipi na nani alikuwa anaibeba. Mwenye muda achague bandari moja tugawane, tuweke matokeo hapahapa. Mswahili wa Malmö, wewe ukipita Strandgade tena, tupigie picha ya kaunta ya wakala na uweke humu.